Ng'ombe za Koko Zipora na Alfabeti Yangu

Nashipae, ambaye sasa ndiye anakalia kiti changu (mguu wa nyuma umefungwa na waya, usiegemee), aliniambia siku ile naondoka: "Mzee Ndirangu, uandike. Unatuachia hizi programu na hakuna mtu anaelewa kwa nini ulizifanya hivi." Nilimwambia kuna zingine hata mimi sielewi. Lakini sasa nimekaa hapa nyumbani Kitengela majuma kadhaa, mke wangu amechoka kuniona nikifungua masufuria kuangalia nini inapikwa, na kuandika ndiyo kazi pekee naweza kufanya bila kufukuzwa jikoni. Kwa hivyo hii ni yenu, nyinyi mnaobaki kwa ofisi ya chama cha maji. Mambo ya vyeo sitaandika. Nilikuwa nacho kimoja tu, na kiliandikwa kwa mlango na chaki. Mvua ikanishusha cheo.

Mimi na shule tuliachana kidato cha pili, huko Kiserian. Hakuna aliyelia. Mwalimu wa hesabu hata alinipa mkono. Baba yangu alikuwa anachonga mawe kwa kwari, nikamfuata, na mawe yakanishinda mapema sana. Ndipo binamu yangu akasikia kuna saiba, duka la intaneti, Kitengela inatafuta kijana mwenye nguvu wa kubeba jenereta asubuhi na kuirudisha ndani jioni. Nilibeba, nikairudisha, na hiyo ndiyo ilikuwa intavyuu.

Mwenye saiba alikuwa Madam Wambui, mama mfupi, mwenye kuongea pole pole hata akiwa amekasirika. Hasa akiwa amekasirika. Siku ya kwanza aliniambia vumbi ya Kitengela imemaliza mashine zake, nisafishe, akaenda benki. Mimi nikasafisha. Nilitoa kibodi zote, nikaziosha kwa beseni na sabuni ya unga, nikazisuuza vizuri, nikazianika kwa kamba ya nguo. Aliporudi zilikuwa zinaning'inia juani kama soseji za mutura kwa bucha. Aliziangalia kwa muda. Halafu akasema pole pole, "Ndirangu, wewe utakaa hapa mpaka ujue hizi vitu ni za kazi gani."

Nikakaa. Na alinifundisha kweli. Alikuwa amesomea kompyuta huko ng'ambo na alikuwa amechoka kupiga chapa barua za watu za kuomba kazi, kwa hivyo mtu yeyote aliyeuliza swali alimfurahisha, hata kama swali lenyewe ni la mtu aliyefua kibodi. Nilijifunza kuandika programu nikiwa nimekaa kwa kreti ya soda. Kila kitu nilichojua baadaye kilianzia kwa ile kreti, pamoja na hii shida ya mgongo.

Somo moja nitawaandikia, kwa sababu ndilo lilinipa kazi. Jirani yetu alikuwa Mama Shiro, anauza mitumba. Siku moja Madam Wambui alinitoa nje akaniambia nimwangalie Mama Shiro akipanga nguo za beli. Asubuhi alipanga kwa saizi. Baadaye akaja mteja wa mashati meupe ya shule, Mama Shiro akapanga zote upya kwa rangi. Jioni akapanga kwa gredi, zile zimetoboka nyuma, zile nzuri mbele.

"Nguo zimebadilika?" Madam akaniuliza.

"Hapana. Ni zile zile."

"Sasa nini imebadilika?"

"Mama Shiro amechoka?"

"Ndirangu."

"Anaangalia kitu ingine."

"Hiyo. Kupanga si kazi ngumu, kompyuta inaweza. Kazi yako ni kuiambia iangalie nini."

Basi mkiwa na majina kwa Python, ile lugha ya programu, mnaandika *sorted*, mnaipatia majina, na inayapanga kutoka A mpaka Z bila kuuliza. Lakini kuna mahali imeachwa pa kuweka kitu kinaitwa *key*. Watu wanasema ni ufunguo, mimi nasema ni macho. Unaazima kompyuta macho yako. Inachukua kila jina, inalipitisha kwa hayo macho, inapata kitu cha kulinganisha, na inapanga kwa hicho kitu. Majina yenyewe yanatoka vile yaliingia, hata herufi moja haijaguswa. Nguo ni zile zile.

Nilipoingia kwa chama cha maji, pale kati ya Isinya na Kajiado, nilipewa laptopu isiyokuwa na herufi Q na printa iliyokuwa inatafuna karatasi. Q sikuwahi kuikosa. Printa niliiacha siku mbuzi aliingia ofisini akakula zamu zote za Jumatatu na hakuna mtu aliyejua nani anywe. Tangu siku hiyo tukaanza kutuma zamu kwa simu. Mkiulizwa teknolojia ya chama ilianza aje, ilianza na mbuzi.

Zamu zenyewe zilikuja na ule ukame mrefu. Kabla yake kila mtu alikuja na ng'ombe zake wakati anataka. Kiangazi kilipokaza, wote wakawa wanataka saa moja, na wakafika na rungu. Pampu ni ya sola, na tangi likishuka jioni, kinachobaki kwa birika la kunyweshea ni tope. Kamati ikaamua: kila jioni kompyuta ya Ndirangu itatuma ujumbe, wewe ni wa ngapi kesho. Nilipanga kwa alfabeti. Chairman Abel, mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, karibu na lami, alisimama akanisifu mbele ya watu. "Alfabeti," akasema, "haina upendeleo." Kwa kweli Abel alikuwa wa kwanza kila siku, na ng'ombe zake zilikuwa zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Shida ya kwanza ilikuja na Mzee ole Sankale. Alisimama kwa mlango, akaujaza.

"Wewe wa kompyuta. Baba yangu alinyweshea hapa kabla hii kisima haijaona bomba. Nani amesema mimi ni wa mwisho?"

Nikaangalia, na kweli. Sankale, Nkurrunah, Parsaloi, wote walioandikwa na "ole" mbele, yaani mwana wa fulani, walikuwa chini kabisa, nyuma hata ya Z. Nilikuwa nimeandika hiyo "ole" na o ndogo, na kwa kompyuta herufi kubwa zote zinatangulia, A mpaka Z, ndipo ndogo zianze.

"Ni herufi ndogo, mzee."

"Huyo Ndogo ni wa boma gani?"

Nilitengeneza akiwa amenisimamia kichwani. Kwa *key* niliweka *str.lower*, yaani, iangalie kila jina kana kwamba lote ni herufi ndogo. Akina ole wakapanda, wakaketi kwa O yao na amani. Mzee alinisalimia vizuri akaenda. Nilijiona mtu wa maana. Sikuuliza nani ameshuka walipopanda.

Kwanza lakini wakaja akina Aaron. Watu wakishajua mashine inapenda A, wanaanza kupata majina. Wanaume wazima, na ndevu, wanaingia ofisini wananiambia kuanzia leo waitwe Aaron. Mmoja alikuja na pasta wake kama shahidi. Pasta alionekana amefurahi, kwa sababu hajawahi kuona mwamko kama huo katika kanisa, na mimi sikuwa na roho ya kumwambia. Kwa orodha niliacha kila mtu na jina lake la zamani.

Halafu, Ijumaa moja, akaja Koko Zipora. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, kwa wale mmetoka mbali. Alikuwa mjane, mwenye ng'ombe wachache, anakaa mbali kupita wote. Alikuwa ametembea, na alikataa kiti. Sikumlaumu, hata mimi nilikuwa nakiogopa.

"Takwenya, Koko," nikamsalimia kwa lugha yake.

"Iko," akaitikia. "Ni wewe unapanga maji?"

"Ni mimi."

"Mimi niko wapi?"

"Mwisho, Koko."

"Kwa nini?"

"Jina lako ni Z. Z ndiyo ya mwisho."

"Nani alisema?"

Miaka yote hiyo na kompyuta, hakuna mtu alikuwa ameniuliza nani alisema.

"Iko hivyo tu, Koko. Hata shuleni."

"Mimi nilizaliwa nikiitwa Noonkishu. Pasta akaja akanibatiza Zipora, akaniambia nimepata uzima wa milele. Hakuniambia ng'ombe zangu zitakunywa tope." Akaangalia laptopu yangu. "Ng'ombe wangu Sidai ako na mimba. Amebaki mbavu. Lori ya Kiserian inapita kwangu Alhamisi, inapeleka ng'ombe sokoni. Kama hii kitu yako haijabadilika, napakia wote. Ng'ombe aliyekonda, afadhali nimuuze kuliko nimwangalie akianguka."

"Koko, nitajaribu."

"Usijaribu. Panga."

Jioni hiyo nikafanya kitu ya haraka. *Sorted* iko na mahali pa kuiambia igeuze, *reverse*, ianze na Z. Nikageuza. Jumamosi Koko alikunywa wa kwanza, na Chairman Abel wa mwisho, na kabla jua liingie Chairman alikuwa ofisini, viatu vimejaa tope ya birika.

"Ndirangu, hii ni nini?"

"Ni alfabeti, Chairman. Haina upendeleo."

Hakucheka. Wale Aaron nao walikuwa wamepanga laini nje, wanataka kuwa Zakayo. Chairman akasema nirudishe kama zamani, na kama niko na wazo ingine nilete kwa kamati Jumanne.

Jumapili nilifikiria urefu. Unaweza kuweka *len* kwa *key*, na kompyuta inahesabu herufi tu, jina fupi mbele. Niliona ni haki, kwa sababu nilikuwa nimekunywa chai nyingi. Nikajaribu orodha kwa skrini kwanza. Mzee ole Sankale, aliyejiandikisha na majina manne nyuma ya hiyo "ole", alikuwa mwisho tena. Nilifikiria ule mlango ukijaa. Nikafuta kabla mtu aone.

Jumatatu nikajaribu umbali. Anayetoka mbali anywe kwanza, si ni haki? Nikapiga simu, nikaandika kila mtu anakaa wapi. Siku hiyo nchi yote ilihama. Hakuna mtu alikuwa anaishi karibu na lami. Mmoja alisema Kona Baridi, kupita Kiserian. Chairman Abel, ambaye ukisimama kwa lango la kisima unasikia redio yake, alisema boma yake iko upande wa Ewuaso Kedong.

"Ewuaso Kedong, Chairman? Hiyo ni ng'ambo ya Ngong."

"Napitia njia ndefu."

Mtu wa pekee aliyesema ukweli ni Koko Zipora, na kwa hiyo hesabu alikuwa jirani ya kisima.

Jumanne kamati ikakaa ndani ya ile ofisi ya mabati. Joto, watu wamebanana, na kila mtu na macho yake. Mmoja anataka tupange kwa umri. Mwingine kwa wingi wa ng'ombe, na huyo alikuwa na ng'ombe wengi. Mzee ole Sankale akasema tupange kwa baba ya nani alichimba kisima, na baba zikaanza kuwa nyingi kuliko kisima kingeweza kubeba. Mimi nilikuwa kwa kona na laptopu magotini, kila mtu akiongea naandika *key* mpya, mwingine akikataa nafuta. Koko Zipora alikuwa kwa mlango. Hakuwa wa kamati. Lakini kamati ilikuwa inamzuilia hewa, kwa hivyo aliingia.

"Hamjawahi kunywesha kwa kisima cha mkono?" akauliza.

"Tumewahi, yeyo," Sankale akajibu, na sauti imerudi chini, vile mtu huongea na mama.

"Mlikuwa mnapanga kwa jina?"

"Hapana."

"Mgeni mwenye mifugo njiani, huyo tunampisha, halafu aende. Mwenye ndama ametoka kuzaliwa, huyo anafuata, kwa sababu watoto wanangoja maziwa. Halafu sisi wengine, tunaangalia nani jana aliondoka na tope. Huyo leo ni wa kwanza."

Chairman Abel akafikiria. Unaweza kuona akifikiria, midomo inatembea. "Kwa hivyo mimi jana wa kwanza, leo wa mwisho?"

"Na kesho wa kwanza tena."

"Na wa katikati?"

"Wa katikati anakaa katikati. Katikati kuna maji."

Mtu akacheka, na mwingine akasema ni kweli hivyo ndivyo tulikuwa tunafanya, si ni hii mashine ndiyo ilitusahaulisha. Wote wakageuka wakaniangalia, kana kwamba ni mimi nilivumbua Z.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo Nashipae huniuliza. Mgeni hakai kwa kompyuta. Akifika, mtu wa lango anamfungulia na anapita. Kwa hivyo *key* yangu inarudisha vitu viwili kwa kila jina, vikiwa pamoja. Cha kwanza: ako na ndama mchanga au hana. Cha pili: jana alikuwa wa ngapi, ikiwa kinyume, ili wa mwisho atangulie. Kompyuta inalinganisha cha kwanza, na ikipata wamelingana ndipo inaangalia cha pili. Ni mistari michache. Niliimaliza kabla kamati imalize soda. Na jina lenyewe haliangaliwi hata kidogo. Unaweza kuitwa Aaron mpaka uchoke.

Jumatano Koko Zipora alikuwa wa kwanza. Nilienda mwenyewe kwa birika, ofisi nikafunga. Maji yalikuwa safi mpaka unaona chini. Sidai aliingiza mdomo, akakunywa, akakunywa, mbavu zinapanda zinashuka, na Koko amesimama kando amemwekea mkono mgongoni.

"Lakini Koko," nikamwambia, maana mimi huwezi kuniachia furaha ikae, "kesho utakuwa wa mwisho."

"Najua kuhesabu."

"Utapata tope."

"Tope ya leo na maji ya kesho, ng'ombe anaishi. Ni tope ya kila siku ndiyo inaua." Simu yake ikalia. Alikuwa dereva wa lori, anauliza apitie saa ngapi. "Pita tu," Koko akamwambia. "Usisimame." Akakata.

Sidai alizaa mvua ikikaribia. Ujumbe wa zamu ukaenda kwa Koko jioni hiyo, wa kwanza, na kesho yake, wa kwanza, kwa sababu ya ndama. Chairman Abel aliniuliza kama kuna njia ng'ombe wa gredi anaweza kuhesabiwa ana ndama kila siku. Nilimwambia hiyo aulize ng'ombe.

Programu hiyo imefanya kazi mpaka leo, na sababu moja ni kwamba chama hakikuandikisha mtu mpya tangu ule ukame. Kumbukeni hapo.

Siku ya kuniaga mlinipatia blanketi, keki na maneno mazuri ambayo mengine yalikuwa ya mtu mwingine. Halafu Koko Zipora akaja, amezeeka sasa, anatembea na fimbo, akivuta mtamba mwekundu kwa kamba. Mjukuu wa Sidai. "Huyu ni wako," akasema. "Mtu hawezi kupanga ng'ombe za watu maisha yake yote na hana wake." Mimi, mtoto wa kwari, na ng'ombe! Kamati ikaniandikisha hapo hapo, mwanachama mpya, na Koko akasema atamchunga pamoja na wake.

Kesho yake asubuhi nikiwa bado kwa kitanda, Nashipae akapiga simu.

"Mzee, ng'ombe wako ameangusha system."

"Ameangusha aje?"

"Zamu hazikutoka. Inasema haikupata jina lako. Inatafuta jana ulikuwa wa ngapi, na wewe jana hukuwa."

Nilikaa kwa kitanda. Mimi mwenyewe niliandika ule mstari. Nilikuwa nimefikiria kila mtu kwa hiyo nchi isipokuwa mtu asiye na jana.

Nilifika nikapata watu wote wamesimama na ng'ombe zao, birika limejaa na hakuna aliyekunywa, kwa sababu simu hazijasema. Mtamba wangu alikuwa hapo katikati, ananusa maji. Chairman Abel akasema jambo liko wazi, mtu mpya aanze mwisho. Wengine wakakubali. Mimi pia nilikuwa karibu kukubali.

Koko Zipora, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake ya mbele, akasogea, akamwangalia yule mtamba machoni.

"Wewe umewahi kunywa hapa?" akamwuliza.

Mtamba hakusema kitu.

"Hajawahi," Koko akasema. "Basi ni mgeni. Mpisheni." Na akavuta ng'ombe zake nyuma hatua moja.

Nashipae akatoa laptopu kwa begi, akaiweka kwa bonneti ya pikapu ya Chairman, akaandika: asiye na jana, awekwe mbele. Mstari mmoja. Ng'ombe wangu akakunywa wa kwanza mbele ya wote, na mimi nikasimama pale nimetoa kifua kama mtu ana ranchi.

Jioni hiyo simu yangu ikaita. Ujumbe wa zamu, wa kwanza kupata maisha yangu yote, kutoka kwa programu niliyoandika na mikono yangu. Ulisema kesho mimi ni wa mwisho.

Nilienda. Nilingoja mpaka tangi likashuka, nimeshika kamba, na aliyekuwa mbele yangu tu ni Koko Zipora, kwa sababu jana alikuwa wa pili. Ng'ombe zake zilimaliza, zikatoka. Mtamba wangu akaingiza mdomo kwa tope, akatoa, akaniangalia. Viatu vyangu vya kustaafu vilikuwa vimezama mpaka kwa kamba.

Koko aliangalia viatu, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akashikilia fimbo na mikono miwili.

"Jana walikuandika kwa karatasi, Ndirangu," akasema. "Leo ndiyo umeingia kwa chama."